Naomba ushauri: kutafuta jina la dawa kwenye hifadhidata ya MongoDB kunachelewa sana

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina seva ya Node.js na Express inayosoma dokumenti za dawa kutoka MongoDB, muuzaji akiandika "para" anatakiwa aone paracetamol hapo hapo maana mgonjwa anasubiri dirishani. Natumia find na $regex (kutafuta kwa mpangilio wa herufi) yenye opsheni "i" (isijali herufi kubwa au ndogo), majibu yanakuja sahihi ila taratibu mno, indeksi ya jina ipo lakini nikicheki explain (amri inayoonyesha utafutaji unavyofanyika) naona inapitia funguo zote za indeksi. Nikajaribu indeksi ya text, hiyo iko fasta ila inataka neno zima, "para" hairudishi kitu.

Je, nihifadhi jina kwa herufi ndogo kwenye fildi ya pembeni halafu regex ianze na ^ (alama ya mwanzo wa jina), au kuna njia bora zaidi ya hiyo?