Wanafunzi wangu wanazika bibi kila Jumatatu, nifanyeje?

chaki_nyeupe
Habari za jioni wakuu. Nafundisha uhasibu ngazi ya diploma, chuo cha binafsi hapa Ubungo, Dar. Kipindi changu ni Jumatatu saa mbili asubuhi, darasa lina watu 64. Juzi nimehesabu vichwa 27, karatasi ya mahudhurio ina sahihi 41. Nilipoanza kuita majina, meseji zikamiminika kwa CR, yaani kiongozi wa darasa.

Kuna kijana amezika bibi mzaa mama mara mbili tangu muhula uanze, na msiba wa pili hata mkoa ulibadilika. Mwingine kaandika Jangwani pamejaa maji, njia imefungwa. Mvua ilinyesha kweli, na pale hufungwa kweli, ila huyu amepanga Kimara! Kutoka Kimara kuja Ubungo, Jangwani unaikuta wapi? Wa tatu kaleta ED ya zahanati, ile karatasi ya kupumzika kwa ugonjwa, tarehe imeandikwa kwa wino mwingine. Dada mmoja tu ndiye aliyesema, "Samahani mwalimu, nilipitiwa na usingizi." Nilimsamehe palepale, angalau hakuua mtu.

Sheria ya chuo ni kwamba chini ya asilimia 75 huingii mtihani. Nikiifuata nabaki na nusu darasa, na uongozi unaangalia ada. Nisipoifuata, nasahihisha mtihani wa mtu aliyeanza na salio la taarifa ya benki, halafu hundi ambazo hazijawasilishwa benki anazijumlisha badala ya kuzitoa. Kesho huyo ndiye mhasibu wa SACCOS yako.

Nishaurini, hasa walimu wenzangu.

Babu Kikotoo
Mwalimu, nimestaafu lakini hayo nimeyala miaka mingi. Acha kuuliza sababu. Ukiuliza tu, umeshafungua soko la uongo, na wewe ndiye mnunuzi. Saa mbili na dakika tano toa swali moja, la dakika tano, kusanya karatasi kwa mkono wako. Alama ziingie kwenye kazi za muhula. Hapo kusainiana kunakufa. Kila mtu mfutie maswali matatu aliyofanya vibaya au kukosa, hayo ndiyo ya misiba na malaria. Akimaliza matatu yake, bibi wa nne ajitegemee.

kausha_damu
Piga disko wote, wafukuzwe. Chuo si kijiwe.

BintiLeja
Shikamoo mwalimu. Niulize kwa heshima: unafundisha au unasoma slaidi? Maana sisi mwalimu wetu anatutumia PDF kwenye grupu Jumapili usiku, Jumatatu anakuja kutusomea ileile, neno kwa neno. Nauli ya kwenda na kurudi nainunulia chapati.

Mwana wa Mbagala
Mimi nimewahi kuzika bibi. Yuko hai, juzi kanipigia anataka simu ya kitochi. Jumatatu asubuhi nilikuwa naendesha boda ya shemeji, ndio muda wenye abiria. Usipolipa awamu ya pili ya ada huingii mtihani hata mahudhurio yawe asilimia mia, sasa nichague lipi? Na ningemwambiaje mwalimu, "nipo kijiweni"? Angenicheka mbele za watu. Msiba hauchekwi mkuu, ndio maana tunautumia.

kausha_damu
Kwani jioni hakuna abiria?

Mwana wa Mbagala
Jioni boda inaendeshwa na shemeji mwenyewe.

chaki_nyeupe
Nimerudi wakuu. BintiLeja, marahaba, umenipiga penyewe. Slaidi zangu ni za 2017, na ndiyo, huwa nazituma Jumapili.

Mwana wa Mbagala, maneno yako yalinifanya nimpigie CR kumuuliza habari za yule wa Jangwani. Kumbe kulala analala Kimara, ila saa kumi alfajiri anakuwa Kariakoo anashusha mizigo, akimaliza ndipo anakuja chuo. Yaani Jangwani anapita kila siku ya Mungu, na mimi nimemsema darasani mpaka wenzake wakampigia makofi ya kejeli.

Jumatatu naanza na kiswali cha Babu, slaidi sitatuma. Huyo wa mizigo nitamtafuta kabla ya kipindi, pembeni.

Babu Kikotoo
Vema. Na yule wa bibi wawili?

chaki_nyeupe
Huyo CR kacheka tu, akakata simu.