Dola 1 ya riba kwenye fomu ya kodi ya mama mdogo: ni uongo?

Mhasibu wa Birere (Goma), 10 Aprili 2024

Jambo wandugu. Mimi ni mhasibu hapa Goma, naandalia wafanyabiashara wadogo wa Birere madeklarasyo yao ya DGI, ofisi ya kodi ya Kongo. Mama yangu mdogo alihamia Marekani mwaka 2018 akitoka kambi ya Nyarugusu, yeye na watoto watatu. Mwaka 2019 na 2020 hakupata kazi, alianza ghalani 2021.

Corona ilipoingia, serikali yao ilitoa dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa kila mtoto asiyefika miaka 17. Jamaa mmoja anayejaza fomu za kodi mtaani kwao akamfanyia fomu ya mwaka 2019, na siku hela ilipoingia akachukua 200.

Sasa mama mdogo anatayarisha karatasi za uraia, amenitumia picha ya fomu ile kwa WhatsApp. Nimeikuza mpaka macho yananiuma. Kwenye mstari wa riba: 1. Jumla ya mapato: 1. Watoto hawamo, hata mmoja. Na kule chini, pale aliyelipwa kujaza anapoweka jina lake na namba yake, ni peupe.

Huyu mama hajawahi kupata riba ya benki. Kwa kazi yangu, kuandika hela ambayo haipo ni kudanganya, na nimewakatalia wateja wengi jambo hilo. Tangu nimuulize, hapati usingizi. Hiyo dola itamharibia uraia?

Dada wa Ohio

Pole kaka. Mpigie leo umtulize: dola hiyo si uongo. Ni agizo la IRS wenyewe, ofisi ya kodi ya Marekani, mwaka 2020, kwa watu wasio na mapato waliojaza fomu fupi ili wapate msaada tu. Fomu yenye mapato sifuri ilikuwa haipiti kwa kompyuta, kwa hiyo waliambiwa waandike dola 1 ya riba. Utaratibu wenyewe unaitwa Rev. Proc. 2020-28, auchapishe auweke pamoja na ile fomu. Mimi najitolea kwenye VITA, wale wanaojaza kodi bure, nimeona fomu nyingi za namna hiyo.

Kosa liko pale peupe. Kulipwa si kosa, lakini anayelipwa kujaza lazima asaini na aweke namba yake ya PTIN, ile IRS wanayowapa wanaojaza kwa malipo. Asiyesaini anaukimbia wajibu, fomu inabaki kama mama amejaza mwenyewe. Kuna fomu ya kumshitaki, namba 14157.

Na mimi kinachoniuma zaidi ni watoto. Awamu ya pili ya msaada ilikuwa 600 kwa kila mtu, na ilifuata fomu ile ile, basi watoto wakakosa tena. Kila mmoja 1,100, watatu ni 3,300. Kama fomu ya mwaka 2020 hakujaza, hela hiyo bado inadaiwa kwenye fomu hiyo, mstari wa 30. Mwisho ni tarehe 17 Mei mwaka huu wa 2024! Ya 2020 haipokelewi tena kwa kompyuta, ni karatasi na posta. Watoto wawe na namba zao za Social Security.

Papa Kenya (Lubumbashi)

Ningekuwa yeye ningenyamaza. Uraia kwanza, hela baadaye. Ukigusa fisco, ofisi ya kodi, inakugusa.

Dada wa Ohio

Papa, kwa heshima, hapana. Baada ya 17 Mei hakuna "baadaye", hela inabaki serikalini. Haibi kitu, anadai cha watoto wake.

Mhasibu wa Birere (Goma)

Aksanti sana dada. Nimempigia, alilia kidogo, halafu akaenda kutafuta kadi za Social Security za watoto. Zote tatu zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Bibi yetu alipopoteza nyumba kwa lava ya Mei 2021 kule Buhene, huyu mama ndiye alituma hela ya mabati, kumbe haki ya watoto wake mwenyewe imekatwa. Hilo limenichoma.

Kumshitaki yule jamaa bado anaogopa, wanasali kanisa moja. Sitamsukuma. Jumamosi saa nne asubuhi anakwenda VITA na zile kadi. Hapa itakuwa saa kumi jioni, nitakaa na simu.

Dada, swali moja: kwenye fomu ya 2020 nayo aandike ile dola 1, au kwa karatasi sifuri inapita?

Dada wa Ohio

Kwa karatasi sifuri inapita. Asisahau kusaini.