Kashinda mbio za mwisho, ubingwa kakosa??

mtoto_wa_wete: Jamani juzi maskani tumeona kwenye tivii mbio za kuteleza kwenye barafu, mtu kashinda mita 10000 za mwisho alafu ubingwa kapewa mwengine, imekuaje yakhe?

mzee_forodhani: Ndo ulivo sheikh ubingwa wa dunia wa mbio zote kwa pamoja (allround), wanaume wanakwenda mbio nne, mita 500, 5000, 1500 na 10000, kila muda unageuzwa kua sekunde kwa mita 500, yani 1500 unagawa kwa 3, 10000 kwa 20, zinajumlishwa na mwenye pointi chache ndo bingwa. Sven Kramer wa Uholanzi kachukua ubingwa huo mara 9!

bint_chake: Na wanawake jee?

mzee_forodhani: 500, 3000, 1500, 5000. Ireen Wüst mara 7, Mholanzi tena.

mtoto_wa_wete: Kumbe! Mie barafu naijua ya kwenye juisi ya miwa tu 😂