Eti aliyechora Lango la Brandenburg alisomea sheria?

ramani_mkononi: Wakuu habari za jioni. Leo saiti tumebishana sana, jamaa anasema yule Carl Gotthard Langhans aliyechora lango la Berlin hakusomea ujenzi, alisomea sheria. Nimekataa, maana huku kwetu ramani bila mhuri haipiti popote. Mwenye kujua anieleweshe, mfalme alimpaje kazi kubwa vile?

mzee_wa_matofali: Mkuu jamaa yako yuko sahihi kabisa. Kazaliwa 1732 Landeshut kule Silesia, siku hizi ni Poland, sheria kaisoma chuo cha Halle, Ujerumani, majengo kajifunza mwenyewe kwa vitabu na kutembea. Kilichomtoa ni kanisa la Waprotestanti pale Glogau, lilianza kujengwa 1764, baada ya hapo matajiri wa Breslau, mji mkubwa wa Silesia, wakawa wanamtafuta wenyewe. 1775 akaingia serikalini kusimamia majengo Breslau, 1788 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm II, akamhamishia Berlin awe mkurugenzi wa ofisi ya majengo ya mfalme. Kwa hiyo lango alipewa akiwa ofisa ambaye kazi zake zishaonekana, hakuokotwa tu njiani.

dada_wa_berlin: Naongezea kidogo. Aliiga lango la Akropoli, ile ngome ya kale kilimani Athens, ila Ugiriki hakuwahi kukanyaga, alitegemea michoro ya vitabuni. Mkifika pale msiishie kupiga picha farasi wa juu, wale walichongwa na Schadow wakawekwa 1793, ila wa sasa ni nakala, nyie angalieni chini kwenye nguzo. Ziko 12, sita huku sita kule, na kila moja imekalia kitako cha jawe, wakati zile za Athens za mtindo huohuo zinatoka sakafuni moja kwa moja hazina kitako. Mimi hapo ndo namwona Langhans mwenyewe.

ramani_mkononi: Duh, asanteni sana, kesho nakwenda kumwomba radhi jamaa. Na zaidi ya lango kuna kazi yake nyingine bado imesimama?

dada_wa_berlin: Ipo kaka, tena mimi naipenda kuliko lango. Ukumbi wa kufundishia madaktari wa mifugo, 1789 mpaka 1790, uko hapahapa Berlin na umekarabatiwa vizuri. Ndani ni duara, viti vimepanda ngazi ngazi kuzunguka, juu kuba linaingiza mwanga, halafu katikati sakafu ina tundu. Mzoga wa farasi ulikuwa unaandaliwa chini, ukiwa tayari unapandishwa na meza yake mpaka katikati ya wanafunzi, kila mtu anaona.