Akaunti moja ya barua pepe, kompyuta nne: POP3, IMAP au folda ya pamoja?

Mshale
Wakuu, habari za saa hizi. Ofisini tuna kompyuta nne kwenye mtandao mmoja wa ndani, na anwani moja tu inayopokea barua za wateja. Kila mashine ina Thunderbird (programu ya kusoma barua pepe) iliyounganishwa kwa POP3, yaani njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta, na mashine ikishawahi kushusha barua, wengine hawaioni tena. Nimewaza njia tatu: kubaki na POP3 ila nakala zibaki kwenye seva, kuhamia IMAP (barua zinasomwa zikiwa kwenye seva), au kuweka folda ya Thunderbird kwenye diski ya pamoja tusome wote humo humo. Ipi itatufaa? Natanguliza shukrani.

fundi_kebo
Ya tatu ifute kabisa, mkuu. Mafaili ya Thunderbird yametengenezwa yasomwe na programu moja kwa wakati mmoja. Kuna faili dogo la kufuli linalozuia ya pili isifunguke, ila kwenye diski ya mtandao kufuli hilo halishiki kila mara. Zikiandika mbili kwa pamoja, faharasa (orodha inayoonyesha kila barua iko wapi) inavurugika: unabofya kichwa cha barua, linafunguka jambo jingine. Wenye Outlook nao wasijaribu hivyo na PST (faili ambamo Outlook huhifadhi barua), maana Microsoft wenyewe hawaipendekezi kwenye folda ya mtandao.

Kobe
POP3 msiizike mapema. Ukiweka alama kwenye "acha ujumbe kwenye seva", kila mashine inashusha nakala yake, na barua unaisoma hata intaneti ikikatika. Kwa anayetaka kumbukumbu tu, inatosha.

Zuhura_IT
Kumbukumbu sawa, kazi ya pamoja hapana. Kila Thunderbird inajiwekea orodha yake ya barua ilizokwisha kushusha, na haijui lolote kuhusu jirani yake. Barua niliyosoma mimi, kwako bado ni mpya. Nikiifuta kwenye folda yangu, kwako ipo palepale. Na hapa ndipo watu wengi wanaponaswa: jibu nililotuma linabaki kwenye mashine yangu peke yake! Mteja akipiga simu kuuliza, aliyepokea hana habari kwamba alishajibiwa.

IMAP barua zinakaa kwenye seva, pamoja na alama za kusomwa, kujibiwa na nyota, na zilizotumwa pia. Mashine zote zinatazama kitu kimoja. Bandari (namba ya mlango wa seva) ni 993 kwa kupokea, 465 au 587 kwa kutuma. Ukishaweka, hakikisha kila mashine inahifadhi zilizotumwa kwenye folda ya seva, isiwe ya ndani ya kompyuta.

Mshale
Dada Zuhura, nimekupata. Lakini nikisoma barua mimi, ikionekana imesomwa kwa wote, si wenzangu watadhani nimeshaishughulikia?

Zuhura_IT
Watadhani hivyo, na IMAP haina dawa ya hilo. Sisi tunatumia folda zenye majina ya watu: ukiichukua barua, unaihamishia kwenye folda yako kabla hujaanza kujibu. Iliyobaki kwenye kikasha haina mwenyewe. Lebo za rangi zinavutia, lakini jina na rangi ya lebo vinahifadhiwa kwenye kila kompyuta, kwa hiyo mkizibadilisha mnaanza kubishana nyekundu ilimaanisha nini.

fundi_kebo
Nyongeza muhimu. Thunderbird hufungua hadi miunganisho 5 kwa kila akaunti ya IMAP. Kama barua yenu iko Gmail, kikomo ni miunganisho 15 kwa wakati mmoja. Piga hesabu: mashine nne ni 20, na bado hamjahesabu simu za mkononi. Ndiyo mnaanza kuona ujumbe wa kosa unaokuja na kutoweka. Ingia mipangilio ya juu ya seva, punguza iwe 2 kila mashine.

Pweza
Mbona hakuna aliyegusa suala la nywila? Watu wanne nywila moja, akiondoka mmoja mnabadilisha kila mahali. Huduma nyingi za ofisi zina njia safi zaidi: kwenye Microsoft 365 kuna kikasha cha pamoja, Gmail ina kukaimisha akaunti, yaani kumruhusu mwingine asome na kujibu kwa niaba yako. Kila mtu anaingia kwa nywila yake, mnakutana kwenye kikasha kimoja. Ukiniuliza mimi, hiyo inaizidi IMAP ya nywila moja kwa mbali.

Kobe
Kwa wenye intaneti ya kusuasua ipo pia ya kuweka seva ya Dovecot (programu ya seva ya IMAP) humo humo ofisini. Mashine moja inavuta barua, nyingine zinasoma kwa kebo. Viambatisho vizito vinashuka mara moja tu. Ila lazima pawe na mtu wa kuichunga na kuchukua nakala rudufu, la sivyo diski ikifa barua zote zimekwenda.

Mshale
Tunaanza na IMAP na folda za majina, suala la nywila nalipeleka kwa bosi. Za zamani zilizotawanyika kwenye mashine nne je?

Zuhura_IT
Zima kwanza upokeaji wa POP3 kwenye mashine zote. Kisha ongeza akaunti ya IMAP pembeni ya ile ya zamani, unakili barua kwa mafungu, mashine moja baada ya nyingine. Nakili, usihamishe, hadi uzione upande wa pili. Na angalia nafasi ya seva kabla hujaanza.