Mrejesho: nilichukua Python, na kambisti (mubadilisha feza) anaitumia programu yangu

Aksanti sana bandugu, mulionijibu nilipouliza nianze kujifunza lugha gani ya kuandika programu, Python, JavaScript ao C, wakati sina kompyuta, niko na simu ya Android tu hapa Bukavu. Nilichukua Python. Sababu kubwa si urahisi bwana, ni kwamba Pydroid 3, app ya kuandikia Python, ukishaiweka kwenye simu inaendesha kodi (maandishi ya programu) bila intaneti, na hapa mega za intaneti ni feza, umeme nao unajua wenyewe.

Programu ya kwanza ni ya kubadilisha dola kuwa faranga, ya shangazi kambisti wa Kadutu. Niliandika input(), amri ya kumuuliza mtu aandike kitu, ya dola, halafu mara 2800, bei ya dola niliyoweka siku ile, nikaingiza 20, simu ikajaza 20202020 mpaka chini kabisa! Kumbe input() inarudisha maandishi hata ukiandika namba, na Python ukizidisha maandishi inayarudia tu, kwa hiyo ilirudia "20" mara 2800 bila kulalamika, na kosa lisilolalamika ndilo baya. Dawa ni int(input()), inageuza maandishi kuwa namba nzima, ao float(input()) kama kuna nukta.

Ile ya nafasi za mwanzo wa mustari, zenye Python inazihesabu, mulinitisha bure, ukikosea kosa la IndentationError linakuonyesha mustari wenyewe. Iliyonisumbua ni alama za kunukuu za kupinda, kodi niliyotumiwa toka iPhone ilikuja nazo, Python haizijui kabisa, futa uandike zile za kunyooka.

JavaScript nitaangalia kisha. Sasa shangazi anataka ikumbuke bei ya jana, nianze na faili ya kawaida ao SQLite, ile database ndogo ya kutunza data?