Mchanga wa mafuriko umefukia mikoko: tupande upya sasa?

hori_letu: Wadau, masika yameshusha mchanga mpaka horini (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu). Michu (aina mojawapo ya miti ya mikoko) inapukutisha majani, na mikoko yenyewe, ile yenye mizizi kama magongo, inakauka kuanzia kileleni. Tupande mara moja?

mzizi_hewa: Msipande kwanza. Fukueni kando ya mchu mmoja mpaka muone mizizi ya kupumulia, ile inayochomoza kama penseli. Ncha zikiwa zimefukiwa, mti unakosa hewa, maana tope la chini halina oksijeni (ukilichimbua linanuka yai viza). Mkoko nao hupumua kwa vitundu vya kwenye magongo ya mizizi yake. Vikizibwa, mambo ni yaleyale. Ndivyo ilivyoangamia mikoko mingi ya hori la Mwache, Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997–98.

maji_bamvua: Mchanga ukiinua ardhi, maji hufika wakati wa bamvua tu (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo). Yakikauka, chumvi inabaki juu, nyeupe kabisa. Hapo mkoko ni kupoteza mbegu. Mchu ndio unaostahimili. Panapofikiwa na maji kila siku, chomekeni mbegu za mkoko, ncha iliyochongoka chini, theluthi moja tu ardhini, umbali wa mita moja.

hori_letu: Na mchanga tuuzoe wote?

mzizi_hewa: La! Majembe na miguu huvunja mizizi iliyobaki. Zibueni mkondo uliozibwa, maji kupwa na kujaa yafanye kazi. Na huko juu mtoni, kama mashamba ya kingoni hayana matuta wala nyasi, masika yajayo mchanga utarudi.